Je, Nyumba Imetengenezwa?

Neno la kusomwa: 2 Wafalme 12:4–15, na pamoja nalo 2 Mambo ya Nyakati 24:4–14



Mwezi huu twataka kunena juu ya kazi moja ambayo mabaraza yetu huiahirisha mwaka baada ya mwaka, nayo ni kazi ya kujipima yenyewe. Baraza la wazee humwuliza mwinjilisti habari za mtaa wake. Humwuliza mtunza hazina habari za fedha, na mwalimu wa kipaimara habari za watoto. Humwita mshariki aliyekosa na kumwonya. Haya yote ni haki, maana baraza limewekwa ili liulize. Lakini baraza lenyewe huulizwa na nani? Mara nyingi haliulizwi na mtu, wala halijiulizi. Hufungua kikao kwa sala, hufunga kwa sala, na katikati hupima kazi za watu wote isipokuwa kazi yake lenyewe. Wahenga walisema: Nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Neno hili ni kali, walakini latufaa.

Basi na tuitazame habari ya mfalme Yoashi, maana ndani yake tutajiona wenyewe.

Mfalme na makuhani

Yoashi alipokuwa mtoto mchanga, nyanya yake Athalia aliwaua wazao wa kifalme. Naye akafichwa katika nyumba ya Bwana muda wa miaka 6, na kuhani Yehoyada ndiye aliyemtoa na kumweka katika kiti cha ufalme alipokuwa mwenye miaka 7. Alipokua, akaiona nyumba ya Bwana kwamba ina nyufa. Akawaagiza makuhani wazipokee fedha za watu, kila kuhani kwa watu anaowajua, nao wazibe ufa wo wote utakaoonekana.

Agizo lilikuwa jema. Watu walikuwa tayari kutoa. Makuhani walikuwapo, wala hawakuwa wachache. Hata hivyo Maandiko yatuambia ya kuwa mpaka mwaka wa 23 wa kutawala kwake Yoashi, nyufa zilikuwa hazijazibwa.

Na tuangalie sana neno ambalo Maandiko hayalisemi. Hayasemi ya kwamba makuhani waliiba. Hayasemi ya kwamba waliacha kuingia hekaluni. Dhabihu zilitolewa, na zamu zilishikwa. Tena aliyekuwa mkuu wao ni Yehoyada, mtu aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya mfalme na kwa ajili ya agano la Mungu. Ni nani kati yetu awezaye kujilinganisha naye? Lakini chini ya macho ya mtu huyu mwema, miaka ikapita, na ufa ukabaki kuwa ufa.

Hapa ndipo tunapopaswa kusimama. Sisi hudhani ya kuwa baraza baya ni baraza la wezi. Kwa hiyo, mwaka ukiisha na fedha hazikupotea, twashukuru na kusema, Mwaka huu tumefanya vema. Lakini baraza laweza kuwa na watu wema, lisipoteze hata shilingi moja, likutane kila mwezi bila kukosa, na pamoja na hayo kazi liliyowekewa isifanyike. Mfalme hakuwauliza makuhani, Je, mmeiba? Aliwauliza kwa nini nyumba haijatengenezwa. Hilo ndilo swali la kwanza la kila baraza, nalo ni gumu kuliko lile la wizi. Mtu asiyeiba hulijibu swali la wizi upesi, na moyo wake ukatulia. Swali la nyumba lamtaka atoke nje, ainue macho, autazame ukuta.

Yalitokeaje? Agizo lenyewe latuonyesha. Kila kuhani alipokea fedha kwa watu aliowajua yeye. Hakuna mahali pamoja pa kuziweka, wala siku iliyowekwa ya kutazama kazi imefika wapi. Bila shaka kila mmoja alidhani ya kuwa mwenzake ameanza. Ndivyo yalivyo hata kwetu. Tuchukue mfano. Mwezi wa Machi baraza laazimu ya kuwa wajane wa usharika watembelewe. Mwezi wa Juni neno lilelile lanenwa tena, na wote walikubali. Mwezi wa Desemba laandikwa mara ya tatu. Kila mara wazee wamerudi nyumbani wakiona kwamba wamefanya kazi, kwa sababu wameazimu. Lakini yule mjane hali maazimio. Hajaona mtu mlangoni pake tangu Machi hata Desemba, na paa lake lavuja kama lilivyovuja. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Baraza lisilojipima halioni ufa mpaka ukuta umelala chini.

Sanduku la Leisnig

Mtu asidhani ya kuwa neno hili ni geni katika kanisa letu la Kilutheri. Mwaka 1523, usharika wa mji mdogo wa Leisnig, katika nchi ya Sachsen huko Ujerumani, ulitunga kanuni ya sanduku moja la wote, na Martin Luther mwenyewe akaiandikia dibaji. Katika sanduku lile ziliwekwa mali za kanisa, ili zitumike kwa mchungaji, kwa shule, kwa wazee wasiojiweza, kwa mayatima, kwa matengenezo ya majengo, na kwa nafaka ya kuwekwa akiba kwa siku za njaa.

Angalieni jinsi walivyopanga. Walichaguliwa wasimamizi 10: 2 katika watu wa ukoo bora, 2 katika baraza la mji, 3 katika raia wa mji, na 3 katika wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli 4, kila kundi na ufunguo wake, wala hapakuwa na kundi liwezalo kulifungua peke yake. Hata mkulima wa shamba alishika ufunguo. Wasimamizi walikutana kila Jumapili. Walikuwa na vitabu 3, na mashauri na maazimio yao yote yaliandikwa humo. Mara 3 kwa mwaka usharika wote ulikutana kuzisikia habari za sanduku. Na kila mwaka wasimamizi walitoa hesabu mbele ya watu wote, kisha wakachaguliwa wengine.

Ndugu, kanuni hii ina hekima mbili, nazo si moja. Kufuli zilichunga mikono. Vitabu, pamoja na mkutano wa watu wote, vilichunga kazi. Kufuli hujibu swali la wizi, lakini hakuna kufuli iwezayo kusema kama yatima amelishwa. Hilo hujulikana pale tu ambapo maazimio yameandikwa, na siku imewekwa ya kuyasoma tena mbele ya wale yanaowahusu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza ya kuwa hata kazi bila daftari hupotea bila habari.

Tusiseme lakini ya kwamba Leisnig walifaulu katika yote. Baraza la mji lilikataa kuitoa mali iliyokuwa mikononi mwake, hata Luther akamwandikia mtawala wa nchi mwaka uleule. Kanuni nzuri haikushinda moyo mgumu. Twafundishwa hapa ya kuwa karatasi haitoshi. Yatakiwa pia nia ya kukubali kuulizwa.

Katika nchi yetu neno hili lina uzito wake. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita ya kwanza ya dunia, na tena walipoondolewa katika vita ya pili, walimu na wazee ndio walioshika sharika nyingi. Mwaka 1963 makanisa 7 yaliungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri. Tangu hapo hakuna mgeni atakayekuja kutuuliza kwa nini nyufa hazijazibwa. Sharti tujiulize wenyewe.

Namna ya kujipima

Siku hizi mashirika mengi yasiyotafuta faida, yaani yale yenye kutunza hospitali, shule na watoto yatima, yana desturi ambayo yafaa tuijue. Mara moja kwa mwaka bodi huweka kando shughuli nyingine na kujipima yenyewe. Kila mjumbe hupewa karatasi yenye maswali, aijibu peke yake bila kuandika jina lake. Mtu mmoja mwenye kuaminiwa huyakusanya majibu yote na kuyasoma mbele ya wote. Ndipo huonekana mambo ambayo hayakupata kunenwa kikaoni, maana yuko mtu aonaye haya kusema mbele ya mwenyekiti, lakini kalamu yake haina haya.

Lakini desturi hii ina mtego. Ukiwauliza watu, Je, twafanya kazi vema? wengi watajibu, Vema sana. Kila mtu hujipa alama nzuri. Kwa hiyo yafaa maswali yawe ya namna ile ambayo jibu lake laweza kutafutwa katika daftari, au mlangoni kwa mtu, wala si katika maoni yetu juu ya nafsi zetu. Twatoa haya kwa mfano:

1. Mwaka uliopita tuliandika maazimio mangapi? Mangapi yametimizwa, mangapi yangali njiani, na mangapi yamesahauliwa?

2. Kila mzee alihudhuria vikao vingapi?

3. Wagonjwa, wajane na mayatima waliotembelewa ni kina nani, na nani aliwatembelea?

4. Hesabu za fedha zilisomwa mara ngapi mbele ya baraza, na mara ngapi mbele ya usharika? Sadaka huhesabiwa na watu wawili au zaidi? Na zile zinazotumwa kwa simu, ni nani azionaye zaidi ya mtu mmoja?

5. Katika vikao vyetu, muda mwingi ulitumika kwa neno gani? Je, neno hilo ndilo tuliloitiwa?

6. Yuko mzee ambaye hakufumbua kinywa mwaka mzima? Kwa nini?

7. Watakaoishika kazi hii baada yetu ni nani, nasi tumewafundisha nini?

Swali la kwanza latosha kulichukua baraza siku nzima. Karani na akifungue kitabu cha kumbukumbu, ayasome maazimio ya mwaka moja moja, na kando ya kila azimio iandikwe kama limefanyika au halikufanyika. Kazi hii haihitaji elimu kubwa, ila yahitaji uvumilivu wa kusikiliza ukweli.

Tena baraza lisijiulize lenyewe tu. Liwaulize na wale linaowatumikia. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma ya kuwa wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wenyewe hawakuwa wameliona jambo hili. Lilijulikana kwa manung'uniko. Nao hawakuwakemea walionung'unika, bali waliukusanya usharika, na wakachaguliwa watu 7 waishike kazi ile. Ikiwa mitume waliambiwa ufa ulipo na wale wa chini, sisi ni nani hata tusiambiwe? Basi mwulize mjane. Mwulize mwalimu wa mtaa wa mbali. Waulize vijana walioacha kuja.

Kisha, majibu yakiisha kusomwa, baraza lisiandike maazimio 20, maana yatakuwa nyufa mpya. Lichague mambo mawili au matatu, na kando ya kila moja liandike jina la mtu na mwezi. Mwezi huo ukifika, jambo hilo liwe la kwanza kusomwa.

Wasemayo wenye kukataa

Wako watakaosema, Ahukumuye ni Mungu peke yake. Hata Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 4, akana kujihukumu nafsi yake. Ni kweli. Lakini Paulo anena hapo juu ya hukumu ya mwisho, ya kwamba dhamiri yake haiwezi kumpa haki mbele za Mungu. Paulo huyuhuyu, katika sura ya 11 ya waraka uleule, ataka kila mtu ajihoji kabla hajaikaribia meza ya Bwana. Na alipochukua changizo kwa ajili ya watakatifu, hakukubali kwenda peke yake. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mambo yawe safi si mbele za Bwana tu, bali na mbele za wanadamu. Yamo katika 2 Wakorintho, sura ya 8.

Na sisi Walutheri tuna sababu iliyo kubwa zaidi. Twafundisha ya kwamba mtu hapati haki kwa matendo yake, bali kwa neema, kwa njia ya imani. Basi kwa nini tuogope kuyatazama matendo yetu? Atumainiaye matendo yake kwa wokovu sharti ayafiche mabaya, maana yakionekana amepotea. Bali yeye aliyesamehewa aweza kulifungua daftari mchana. Ufa ukionekana hatatupwa. Ataomba udongo auzibe. Baraza lifichalo kazi yake lahubiri kwa mwenendo wake injili nyingine, ingawa kwa kinywa lahubiri neema.

Wengine watataja mstari wa 15 wa somo letu, usemao ya kuwa wasimamizi wa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Watasema, Nasi tu waaminifu, tusidaiwe. Lakini na wausome mstari wa 10 pia. Fedha zile, kabla hazijawafikia wasimamizi, zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Tena kazi yenyewe ilikuwa ikionekana kwa macho, maana ukuta ulikuwa ukisimama. Aonyeshaye ukuta uliosimama aweza kuaminiwa.

Tena wako watakaosema, Jambo hili litawavunjia wazee heshima. Neno hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, maana sisi ni watu wa heshima, na si vema tuipoteze. Lakini mtazameni Yoashi. Ni nani aliyemwuliza? Alimwuliza Yehoyada, aliyeyaokoa maisha yake na kumlea kama baba. Hakuna aliyestahili heshima zaidi machoni pake. Hata hivyo alimwuliza mbele ya makuhani wengine, kwa sababu nyumba haikuwa ya Yehoyada, wala haikuwa ya Yoashi. Ilikuwa ya Bwana.

Naye Yehoyada alijibu nini? Hatusomi ya kwamba alikasirika. Hatusomi ya kwamba alimkumbusha mfalme wema wa zamani, au kusema, Mtoto niliyemlea leo aniuliza mimi! Twasoma ya kuwa alitwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, upande wa kuume wa mtu aingiaye. Mzee mwenye sifa kubwa alishika chombo, akatoboa tundu, ili fedha zisikae tena mikononi mwa makuhani wenzake bali ziingie ndani mbele ya macho ya wote. Je, heshima yake ilipungua? Tazameni sura ya 24 ya kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati: alipokufa alizikwa pamoja na wafalme, kwa sababu ya mema aliyotenda katika Israeli. Heshima yake haikuharibiwa na swali. Ingaliharibiwa kama angalikataa kuulizwa.

Nasi wachungaji tulishike neno hili kwanza, maana sisi ndio tukaao kitini, na wazee wengi huogopa kutupinga. Mchungaji akikubali kazi yake ipimwe pamoja na kazi ya baraza, wazee watakubali. Mchungaji akijiondoa, karatasi zote ni bure.

Furaha ya watu

Kitabu cha Mambo ya Nyakati chaongeza neno tamu. Sanduku lilipowekwa, wakuu na watu wote walifurahi, wakaleta fedha hata likajaa, likamwagwa, likarudishwa mahali pake, na hivyo siku baada ya siku. Watu walewale, nchi ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa waliona fedha zao zaenda wapi, na ukuta wasimama. Usharika ambao hautoi, yumkini hauna umaskini wala ukaidi. Yumkini umechoka kutia fedha katika nyumba yenye ufa uleule.

Basi, ndugu wazee, mwaka haujaisha. Katika kikao kijacho, mkiisha kusali, mwambieni karani akifungue kitabu mwanzo wake, asome. Msimkatishe. Likitajwa azimio lisilotimizwa, asitafutwe wa kulaumiwa, bali atafutwe wa kulitimiza. Na baada ya kikao tokeni nje pamoja, mkautazame ukuta.

Bwana aliyetukabidhi nyumba yake atupe macho ya kuona nyufa, na mikono ya kuziba, na moyo usioogopa kuulizwa. Amina.